Kivuli Kama Chanzo cha Mwanga: Uchambuzi wa Picha za Watu Katika Jua la Adhuhuri

Picha ya mtu iliyopigwa nje wakati wa adhuhuri huharibika kwa sababu tatu zinazopimika, nazo ni udogo wa chanzo cha mwanga kinapotazamwa kutoka duniani, kimo cha jua angani, na pengo la mwanga lililopo kati ya sehemu za uso zinazopigwa na jua na zile zinazobaki kivulini. Kila sababu ina tiba yake, na mpiga picha asiyezitenganisha huishia kutumia chombo kimoja, hasa flashi, kutibu maradhi matatu tofauti. Uchambuzi huu unazieleza sababu hizo moja baada ya nyingine, unaangalia namna mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alivyozikabili uani kwake bila mitambo ya gharama, kisha unapima njia zinazosalia pale ambapo kivuli hakipatikani.

Jua, ingawa ni kubwa kupindukia, liko umbali wa takriban kilomita milioni 150, na kwa hiyo upana wake angani ni nusu digrii tu. Mwanga unaotoka kwenye chanzo chembamba kiasi hicho hutupa kivuli chenye ukingo uliokatika ghafla, kwani kivuli cha pua kinachoanguka umbali wa sentimita 2 hivi, juu ya mdomo, hutoka kwenye mwanga kamili hadi kwenye giza lake ndani ya upana wa takriban sehemu moja ya tano ya milimita. Macho ya mtazamaji huuona ukingo huo kama mstari uliochorwa usoni, na kila kovu, kipele na kunyanzi hupata mstari wake. Mwanga wa aina hii huitwa mwanga mgumu, na kinyume chake ni mwanga laini, yaani ule utokao kwenye chanzo kipana ambacho miale yake huuzunguka uso kutoka pande kadhaa, hata ukingo wa kivuli ukafifia polepole. Upana unaohesabika hapa ni ule unaoonekana kutoka usoni pa mpigwa picha, wala si ukubwa halisi wa chanzo chenyewe, ndiyo maana kitambaa cheupe chenye upana wa mita 1 kikishikwa mita 1 kutoka usoni huchukua zaidi ya digrii 50 za mtazamo, na hivyo kuwa kipana zaidi ya mara 100 kuliko jua.

Sababu ya pili, yaani kimo cha jua, ina uzito wa pekee katika pwani ya Afrika Mashariki. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, na hata mwezi Juni, linapokuwa limehamia mbali kabisa upande wa kaskazini, kimo chake cha adhuhuri hubaki takriban digrii 60 juu ya upeo wa macho. Kimo hicho, ambacho ndicho cha chini kabisa kwa adhuhuri za Dar es Salaam, kinakaribiana na kimo cha juu kabisa ambacho jua la London hufikia mwaka mzima. Aidha, jua la ukanda huu huchomoza na kupanda karibu wima, takriban digrii 15 kwa kila saa, kiasi kwamba katika sehemu kubwa ya mwaka, kabla ya saa nne asubuhi limekwisha kupita digrii 45, kimo ambacho kuanzia hapo paji la uso na nyusi huanza kuyatilia macho kivuli. Ushauri wa vitabu vya Ulaya kwamba mpiga picha asubiri mwanga wa chini wa asubuhi au jioni ni sahihi, lakini katika pwani hii mwanga huo hudumu muda mfupi, na maharusi wanaotoka kanisani saa saba mchana hawawezi kuombwa warudi saa kumi na mbili jioni.

Sababu ya tatu inahitaji kipimo chake. Wapiga picha hupima tofauti ya mwanga kwa stopu, yaani hatua ambayo kila moja huuongeza mwanga maradufu au huupunguza kwa nusu. Kati ya mahali palipopigwa na jua moja kwa moja na kivuli kilicho karibu napo kuna pengo la stopu 3 hadi 4, yaani jua hutoa mwanga mara 8 hadi 16 zaidi. Kihisio cha kamera ya kisasa, ambacho ndicho kipokea mwanga kilichoshika nafasi ya filamu, huweza kuhifadhi stopu 12 au zaidi, lakini karatasi ya picha inayong'aa hubeba takriban stopu 6 hadi 7 tu kati ya weupe wake na weusi wake. Pengo la jua na kivuli likichukua nusu ya uwezo huo, nafasi inayobaki kwa ajili ya rangi ya ngozi, mikunjo ya nguo na wangavu wa macho huwa finyu mno.

Seydou Keïta, aliyezaliwa Bamako mnamo mwaka 1921 na kufariki mwaka 2001, alifungua studio yake mwaka 1948 katika mtaa wa Bamako-Koura na kupiga humo maelfu ya picha za wakazi wa mji huo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kamera yake kubwa ilitumia negativu za sentimita 13 kwa 18, ambazo zilichapwa kwa kugusanishwa na karatasi bila kukuzwa, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali alizoea kumpiga mteja picha moja tu. Bamako iko kati ya digrii 12 na 13 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo nako jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Aprili na wa Agosti. Hata hivyo Keïta alifanya kazi kubwa kwa mwanga wa asili, uani, akiwa ametundika kitambaa nyuma ya mteja, na kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani mwake lenye matamvua. Mteja alikuja kuonekana nadhifu, mwenye heshima na mwenye uwezo, na studio ilimwazima saa, kalamu, redio au suti ili azma hiyo itimie. Mwanga nao ulitakiwa kutumikia azma hiyo hiyo.

Ukizitazama picha zake nyingi za uani, sifa tatu hujirudia, nazo ni kwamba kivuli cha pua hakina ukingo mkali, macho yote mawili yana nuru, na shavu moja hung'aa zaidi kidogo kuliko la pili. Sifa hizi tatu zikikutana ni ushahidi kwamba mwanga ulitoka kwenye chanzo kipana, kilichokuwa mbele na pembeni, kisichokuwa utosini. Hicho ndicho wapiga picha hukiita kivuli cha wazi, yaani mahali ambapo jua lenyewe limezibwa na ukuta au paa, huku uso ukibaki unaitazama anga, uwanja au kuta zinazoakisi mwanga. Katika kivuli cha namna hiyo jua haliumuliki uso tena moja kwa moja, bali huimulika mbingu, ardhi na kuta, navyo kwa upana wake ndivyo vinavyoumulika uso. Kwa maneno mengine, kivuli si upungufu wa mwanga, bali ni chanzo kingine cha mwanga kilicho kipana na chenye mwelekeo. Keïta aliuongezea mwanga huo mkao, kwani alipendelea kumgeuza mteja robo upande badala ya kumsimamisha akiikabili kamera sawia, na mgeuko huo ndio uliolipa shavu moja nuru zaidi na kuupa uso umbo.

Kwamba kivuli peke yake hakitoshi kumpendezesha mtu huthibitishwa na kazi ya mpiga picha Mmarekani Richard Avedon. Kati ya 1979 na 1984, kwa kuagizwa na makumbusho ya Amon Carter ya Fort Worth, Texas, Avedon alizunguka majimbo ya magharibi ya Marekani akiwapiga picha wachimba migodi, watu wasio na makazi na wafanyakazi wa mashambani, kwa kamera kubwa ya negativu za inchi 8 kwa 10, kila mtu akiwa mbele ya karatasi nyeupe iliyotundikwa kivulini. Alilikwepa jua kama Keïta alivyolikwepa, lakini matokeo yake ni sura zilizowekwa wazi bila huruma, zenye vumbi, jasho na makunyanzi yanayohesabika, kwa sababu mtu alikabili kamera moja kwa moja, mwanga ulimjia sawasawa kutoka pande zote, na weupe wa karatasi uliitenga kila alama ya ngozi. Mpiga picha Irving Penn naye, alipokwenda Dahomey (Benin ya leo) mwaka 1967, alisafiri na hema lililo wazi upande mmoja, ili kivuli chenye mwelekeo kipatikane popote alipotua. Ukiwalinganisha watatu hawa utaona kwamba kulizuia jua ni hatua ya kwanza tu, na kwamba hatua inayoamua kama picha itapendeza ni kuchagua upande ambao kivuli chenyewe kimefunguka.

Katika miji ya pwani, chombo cha kufanyia uchaguzi huo tayari kimejengwa. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na vya Lamu, ukuta mmoja uliopakwa chokaa hupigwa na jua huku ukuta unaoukabili ukiwa kivulini, na mtu akiketi kwenye baraza ya upande wa kivuli, ukuta wa pili humrudishia mwanga mpana wenye mwelekeo dhahiri. Umbali una kazi yake hapa, kwa kuwa mtu akijiegemeza ndani kabisa ya ukumbi wa mlango, paa huzuia mwanga wa juu na uso humulikwa kutoka mbele, na akitoka hatua mbili nje, anga la juu linarudi na kuyatilia macho kivuli tena, ingawa laini. Mpiga picha anaweza kulipima jambo hili bila chombo chochote kwa kunyoosha mkono wake mahali atakaposimama mteja na kuuzungusha polepole, akiangalia ni upande gani ngozi inang'aa na ni upande gani inafifia, au kwa kuyatazama macho ya mteja, ambamo chanzo cha mwanga huonekana kama doa jeupe. Doa hilo likiwa sehemu ya juu ya mboni, kulia au kushoto, mwanga uko mahali pake, na lisipoonekana kabisa, uso unahitaji kuinuliwa au kugeuzwa.

Pasipo vichochoro, ukuta wa kawaida hutosha iwapo hesabu ya majira imefanywa. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri la Dar es Salaam huwa kaskazini mwa utosi, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri huangukia upande wa kusini wa jengo, na katika miezi inayobaki huangukia upande wa kaskazini. Ukuta wenye kimo cha mita 3 hutoa kivuli cha mita 1.7 hivi adhuhuri ya mwishoni mwa Juni na pungufu kidogo ya mita 1 mwishoni mwa Desemba, lakini mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba haukitoi kabisa, na siku hizo ni paa peke yake litakaloweza kumsaidia mpiga picha. Adhuhuri ya jua nayo haiangukii saa sita kamili, kwani Dar es Salaam iko magharibi ya mstari unaoongoza saa za Afrika Mashariki, na jua hufikia kilele chake kati ya saa sita na robo na saa sita na nusu, likitangulia au kuchelewa kwa dakika chache kutegemea mwezi.

Vivuli vya miti vinahitaji tahadhari. Matundu yaliyo kati ya majani ya mwembe hupitisha taswira za jua zenye umbo la duara, ambazo zikitoka kwenye tawi lililo mita 10 juu huwa na upana wa sentimita 9 hivi zinapofika usoni, na doa moja la namna hiyo kwenye shavu huwa limezidi sehemu nyingine kwa stopu 3, hata hakuna uhariri utakaolifuta vizuri. Majani na nyasi pia hurudisha mwanga wenye ukijani, ambao hujilimbikiza chini ya kidevu. Ukuta uliopakwa rangi ya buluu au nyekundu hufanya vivyo hivyo kwa rangi yake, na kwa sababu hiyo ukuta mweupe, wa kijivu au wa rangi ya mchanga ni bora zaidi.

Baada ya mahali kuchaguliwa hufuata upimaji, na hapa picha maarufu ya Keïta ya mwaka 1959, ya kijana mwenye miwani na koti jeupe aliyeshika ua, ni somo kamili, kwa kuwa koti limebaki na mikunjo yake na uso mweusi umebaki na undani wake. Kitambaa cheupe huakisi takriban asilimia 90 ya mwanga, ilhali kipimo cha kamera hukadiria kwamba kinachotazamwa huakisi asilimia 18 hivi. Katika mfumo wa zoni uliobuniwa na Ansel Adams na Fred Archer, ambao huigawa picha katika ngazi za weusi na weupe zinazotofautiana kwa stopu moja moja, ngozi nyeusi huwekwa kwenye zoni ya 5, yaani kijivu cha katikati, na ngozi nyeupe kwenye zoni ya 6. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe akijaza fremu, kamera huiona kanzu, huidhani ni kijivu, na hupunguza mwanga hadi uso uzame gizani. Dawa yake ni kupima kwa nukta, yaani kuielekeza kamera isome eneo dogo la shavu pekee, kisha kukagua kwamba kanzu haijapoteza mikunjo yake, na kuhifadhi picha katika faili ghafi isiyobanwa. Utaratibu huu hufaulu kivulini kwa sababu kanzu na uso hupata mwanga uleule, lakini haufaulu kofia inapoutilia uso kivuli huku kanzu ikipigwa na jua, maana stopu 3 au 4 za mwanga huongezeka juu ya tofauti ya nguo na ngozi.

Ngozi nyeusi ina sifa nyingine ambayo miongozo mingi ya kigeni huipita haraka. Nuru inayoakisiwa na uso wa juu wa ngozi, pamoja na mafuta na jasho lake, haitegemei rangi ya ngozi, na kwa hiyo mng'aro huonekana zaidi kadiri ngozi inavyokuwa nyeusi. Chanzo chembamba kama jua huacha vidoa vyeupe vikali kwenye paji la uso na ncha ya pua, lakini chanzo kipana kama ukuta uliomulikwa huueneza mng'aro huohuo kwenye shavu na taya, nao ndio huchora umbo la uso. Hii ndiyo sababu kuufuta mng'aro wote kwa poda huzifanya sura nyingi zionekane bapa, na inatosha kukausha jasho kisha kuuacha ukuta ufanye kazi yake.

Pale ambapo hakuna ukuta wala paa, kama ufukweni au uwanjani, hatua ya kwanza ni kumgeuza mtu alipe jua kisogo, ili uso wote uwe katika kivuli cha kichwa chake na jua libaki kuwa mstari wa nuru kwenye nywele na mabega. Kipimo huchukuliwa usoni, mandhari ya nyuma hukubaliwa yang'ae kupita kawaida, na lenzi hukingwa kwa kingio lake au kwa mkono. Jua likiwa utosini kabisa mgeuko huu haufui dafu, kwa kuwa hakuna kisogo cha kulipa, na hapo hutumika kitambaa chepesi cheupe kinachoshikwa na msaidizi juu ya kichwa, ambacho hupunguza takriban stopu 1 na kukigeuza chanzo chembamba kuwa kipana. Rifleka, yaani ubao au kitambaa cha kurudisha mwanga, huongezwa kutoka mbele kwenye usawa wa kifua, na ile nyeupe ni salama kuliko ya fedha, ambayo huyafanya macho yafinyike. Mchanga mweupe wa pwani ni rifleka tayari, nao hujaza matundu ya macho mtu anapoketi chini karibu nao.

Flashi huja mwisho kwa sababu hesabu yake ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Kwa kanuni ya zamani ya wapiga picha, jua kamili huhitaji tundu la lenzi la f/16 kwa mwendo wa shata wa sekunde 1/100 kwenye ISO 100, yaani unyeti wa chini wa kamera. Kamera nyingi hushindwa kuoanisha flashi na mwendo unaozidi 1/250, kwa sababu baada ya hapo mapazia ya shata hayafunguki yote kwa pamoja bali huacha upenyo mwembamba unaopita mbele ya kihisio. Mpiga picha hulazimika basi kutumia f/11, ambapo flashi yenye namba ya nguvu 60, yaani idadi inayogawanywa kwa tundu ili kupata umbali, hufika mita 5 na nusu, na ikivalishwa kisanduku cha kitambaa kinachopoteza stopu 2 hufika nusu ya hapo. Namna ya kuoanisha kwa kasi ya juu huruhusu tundu pana la f/2.8 kwa mwendo wa 1/4000, lakini hugharimu sehemu kubwa ya nguvu ya flashi. Flashi inafaa inapobidi kuhifadhi rangi ya anga na bahari nyuma ya mtu, na ikikaa mbali na kamera, upande mmoja, kwa nguvu isiyozidi ile ya jua.

Kazi ya Keïta inaonyesha kwamba jua kali hushindwa kwa kuondolewa zaidi kuliko kwa kushindanishwa na taa, na kwamba aliyejifunza kuchagua ukuta, saa na mgeuko wa uso amekwisha kutatua sehemu kubwa ya tatizo kabla ya kuwasha kamera. Kwa mpiga picha wa pwani anayejiuliza fedha yake ianzie wapi, mpangilio unaostahili ni kitambaa cheupe kwanza, rifleka nyeupe pili, na flashi ibaki ya tatu.